Dada Waya na namba ya nyumbani

Saa nne asubuhi, umeme umekatika mtaa mzima. Dada Waya amepiga magoti nyuma ya kabati la mwalimu mstaafu, anachomoa betri iliyovimba kutoka kwenye kisanduku cha simu ya mezani.

“Zamani waya wenyewe ulikuja na moto wake,” anasema fundi huyu mwenye miaka ishirini na sita kazini. “Hizi za sasa bila betri, taa ikizimika na simu kwaheri.”

Betri mpya, iliyojaa, huibeba simu kwa saa nane. Anaifunga, anainua mkono wa simu na kubonyeza namba. Mafundi wenzake hujaribu kwa kupiga ofisini. Yeye hupiga kwake, ambako saa hizi hakuna mtu. Anaiacha iite mara mbili tu, asije akaziba njia.

“Usimzibie nani?” namuuliza, mimi mwandishi niliyefuatana naye.

Mdogo wake. Kitinda mimba wao aliondoka kwa hasira baada ya kumzika baba yao, miaka tisa sasa. Namba alizoondoka nazo kichwani ni hiyo ya nyumbani na ya dukani kwa shangazi yao. Ya mkononi ya dada yake hakuwahi kuijua.

Mganga hajigangi. Mwaka juzi mgonjwa mmoja, aliyetegemea simu kumwita daktari, alihitaji betri na stoo hazikuwepo, basi Dada Waya akachomoa ya nyumbani kwake, akisema ataweka nyingine kesho. Jioni ile umeme ukakatika. Haijapita saa moja, mdogo wake akapiga dukani kwa shangazi.

“Alisema, ‘Nyumbani haipatikani, naona wamehama.’ Kabla shangazi hajajibu, laini ikakatika. Na duka lenyewe sasa limefungwa kabisa.” Dada Waya anafuta vumbi kwenye simu ya watu. “Yule mgonjwa nisingemnyima. Lakini namkumbuka mdogo wangu mpaka chakula hakipiti.”

Sasa kwake kuna betri mbili: moja kwenye simu, moja akiba, na hiyo ya akiba haiazimwi hata kwa machozi. Mwakani anastaafu. Ofisini ameomba jambo moja tu, namba ile ya nyumbani kwake isibadilishwe.

Mwalimu, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye kiti chake, anauliza, “Akipiga, mwanangu, utaanza na lipi?”

“Nitamwambia hatujahama.”