Wa Mwisho Kuhesabiwa

Mimi darasani nilikaa miaka mitatu tu, kisha nikatolewa nikachunge mbuzi. Basi asinilaumu mtu nikisema mambo yalivyo.

Jirani yangu hapa Washwood Heath, mjini Birmingham, alikuwa mjane wa Kiingereza, karibu miaka themanini, Mwingereza wa mwisho katika mtaa wetu. Aliniita "bab", kama wazee wa hapa wanavyomwita mtu wanayempenda. Mimi nilimwita dada, maana jina lake lilinishinda.

Mama yake alilelewa na watu baki, hapa hapa karibu na reli. Mpaka anakufa alisema walikuwa wawili: yeye na mdogo wake wa kiume, wakilala kitanda kimoja, kisha siku moja mdogo akachukuliwa, asirudi. Hakuna aliyemwamini. Binamu wa jirani yangu, mzee wa Great Barr, pembeni mwa mji, alimtania kila Krismasi: "Yule mjomba wako wa ndotoni hajambo?" Sasa macho ya jirani yangu yalikuwa yanazima. Daktari alimwambia asitegemee kusoma mwaka ujao. Akataka jambo moja tu: alione jina la huyo mjomba kwa macho yake mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na sensa ya mwaka 1901 ilikuwa imefunguliwa. Watu hawa hufungia daftari zao miaka mia kabla ya kukuonyesha. Maktaba ya mjini walikuwa nayo kwenye filamu: unaweka kipande chini ya kioo, taa inawaka, mwandiko wa karani unatokea mkubwa. Yeye haoni vizuri, mimi sisomi vizuri. Tukasema tukiunganishwa tutatoa mtu mmoja mzima. Kila Jumanne tukapanda basi.

Kosa lilikuwa langu, nalikiri. Siku ya kwanza aliniuliza, "Je, kama waliandikwa kwa jina la wenye nyumba waliowalea?"

"Haiwezekani! Nani atamnyang'anya yatima jina la baba yake?"

Kwetu sisi Wasomali, mtoto alelewe nyumba yoyote, hubaki na jina la baba yake, hata baba awe kaburini. Ni dini, na ni desturi. Mimi mwenyewe nililelewa Isiolo kwa mama mdogo, na mumewe ndiye aliyenikaririsha mababu zangu, si wake, mmoja baada ya mwingine. Nikikosea, fimbo. Kwa hiyo swali la jirani yangu niliona ni tusi. Naye akaliacha, maana mimi nikisema huwa nimesema.

Wiki tano tukapita mtaa kwa mtaa kwenye filamu ile, nikitafuta jina la baba wa mama yake. Hakuna. Jumanne ya sita alikataa kuvaa koti.

"Tuache, bab. Labda binamu yangu anasema kweli. Labda Mama aliota."

Sauti ilikuwa ndogo, na mimi sikuipenda sauti ile.

Nikakaa jikoni kwake na kikombe cha chai yao isiyo na viungo. Nikamkumbuka karani wa serikali aliyekuja kutuhesabu nilipokuwa msichana. Alimuuliza mama mdogo, "Watoto wangapi?" Akajibu, "Watano." Akawataja watano wake, mkubwa mpaka mdogo, na mimi nimesimama pale pale na ndoo mkononi. Hakuwa mwanamke mbaya, alinilisha sawa na wake. Lakini karani alipokuwa anafunga kitabu ndipo alipokumbuka: "Na huyu."

"Huyu wa nani?"

"Wa dada yangu. Alizaliwa Garissa."

Nikaweka kikombe chini. "Vaa koti."

"Kwa nini?"

"Nimekuwa mjinga wiki tano. Vaa."

Ndani ya basi nikamweleza. Tusitafute jina. Tutafute mkia wa kila nyumba: watoto waliotajwa baada ya kitinda mimba, ilhali ni wakubwa kuliko yeye, na waliozaliwa mahali pengine. Mtoto wa mwenzio ndivyo anavyohesabiwa, iwe Isiolo, iwe Birmingham.

Tukarudia mitaa ile ile. Kabla ya saa sita tukaipata. Mume mfanyakazi wa reli, mke, watoto wanne wazaliwa wa hapa, wa mwisho wa miezi minane. Chini ya huyo mchanga, msichana wa miaka sita, mzaliwa wa Ludlow, mji wa mbali alikozaliwa mama wa jirani yangu. Jina la kwanza lilikuwa la mama huyo, herufi kwa herufi. La ukoo, la mwenye nyumba. Mbele yake karani ameandika kwamba ni mtoto wa kulea. Na ukurasa ule niliupita wiki ya pili! Niliutambua kwa doa la wino pembeni.

Jirani yangu akatoa kioo chake cha kukuzia, akainama mpaka pua ikagusa mashine. Kidole kikashuka mstari mmoja. Jina la mvulana, miaka minne, Ludlow.

"Yupo," akasema. Kisha akaipigia kelele maktaba nzima: "Yupo! Mama hakuwa mwongo!"

Mfanyakazi mmoja akaweka kidole mdomoni kutunyamazisha. Nikamwambia, "Wewe ndiye unyamaze. Huyu amengojewa miaka mia."

Walitutolea nakala ya karatasi. Hatukurudi nyumbani, tulipanda basi la Great Barr. Binamu akafungua mlango na ndara zake miguuni, akacheka kabla hata hatujakaa. "Haya, na mjomba wa ndotoni?"

"Nimekuja naye," akasema jirani yangu, akampa karatasi. "Soma. Kwa sauti."

Akavaa miwani. Akasoma mume, akasoma mke, akasoma watoto wanne. Akasoma msichana. Hapo akaishusha karatasi mezani, masikio yamemwiva mekundu.

Nikaigonga meza yake. "Bado mmoja. Soma na huyu."

Akamsoma. Jirani yangu akamfanya amsome mara tatu.