Shangazi, Vidole Viwili na Utumbo wa Ndama

Shangazi yangu ana kazi ambayo nikiisimulia watu wanadhani natunga. Yuko maabara, anakata utumbo wa ndama vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, anavibandika kwenye vioo, anavitia rangi. Ukichungulia kwenye hadubini unaona seli za kahawia, moja huku, moja kule. Ndizo zinazotengeneza homoni, zinaupa mwili wa ndama habari kwamba maziwa yameshafika. Mimi nilionyeshwa mara moja tu, nikaganda pale kama sanamu.

Zamani alikuwa muosha matumbo buchani. Kwa hiyo kwenye mambo ya utumbo yeye ndo bingwa, na hataki mpinzani.

Mpinzani si akaja. Msichana mpya, ana kinyaa huyo, utumbo anaushika kwa ncha za vidole kama kashika panya. Shangazi akambatiza Vidole Viwili. Mkuu wao akatangaza kwamba picha ya seli itakayopendeza kuliko zote itatundikwa ukutani pale mlangoni, na shangazi akaapa ukuta ni wake.

Basi vioo vya Vidole Viwili vikatoka vimejaa seli. Vya shangazi vitupu. Akadhani ni uchafu, akauosha utumbo zaidi kabla ya kuukata, ndo kwanza vikazidi kuwa vitupu. Roho ikamuuma jamani! Nyumbani sufuria zinabamizwa, tunaambiwa yule anapendelewa, anapewa ndama wazuri. Mama akamtania kwamba mwenye wivu ajinyonge. Wifi mtu akanuna hadi kesho yake.

Ikabidi akapeleleze. Akajifanya anafuta meza, kumbe jicho lote liko kwenye sinki. Vidole Viwili akaumiminia utumbo maji ya chumvi kidogo, uso kageuzia dirishani, basi, kamaliza.

"We mtoto, ndo kuosha gani huko?"

"Dada, nikiugusa zaidi nitatapika."

Hapo ndo akili ikamjia. Yeye alikuwa anasugua kibuchabucha, mpaka ule utando laini wa ndani unabanduka, na seli zake zote zinaenda na maji. Yaani ameshindwa na kinyaa cha mtu! Hilo ndo linamkereketa mpaka leo.

Utumbo uliofuata hakusugua. Seli zikatokea, nyingi, nzuri balaa. Ila picha ya Vidole Viwili ilikuwa ishatundikwa. Ya shangazi ikawekwa chini yake, karibu na swichi ya taa.

Sasa kila asubuhi akipita pale anaigusa ile ya juu kwa bega, inapinda kidogo. Halafu anakaa mezani kwake, anasubiri mtu aseme imekaa upande.