Mama Alisema Ninaanguka

Habari za asubuhi. Wazee wangu, shikamooni. Naitwa Paskalina, ni fundi cherehani hapa hapa Katesh. Nesi ameniomba niongee kidogo wakati mnasubiri dawa. Ameniambia niwatie moyo. Nitajaribu, ila mimi sijui kutia sukari kwenye maneno.

Nimezaliwa Tlawi, kwa wakulima wa kitunguu saumu. Tulikuwa watoto wengi, lakini leo nitamtaja mmoja tu, dada yangu Martina, aliyenitangulia kuzaliwa. Yeye ndiye alinifundisha kuruka kamba, kudaka mawe, na kuiba maziwa ya mgando kwenye kibuyu bila mama kugundua. Tulikunywa kikombe kimoja na kulala kitanda kimoja. Nilikuwa mtoto mwenye mdomo, kama mnavyonisikia.

Ugonjwa ulianza kama usingizi wa macho wazi. Nipo darasani, mara nimeganda. Walioniona wanasema midomo ilikuwa inatafuna kitu ambacho hakipo. Nikirudi nakuta darasa zima linacheka, nami sijui nimekosa nini. Mwalimu ameanza kugawanya, mimi narudi ameshafuta ubao. Hesabu zikanipita hivyo hivyo.

Kisha nikaanguka kabisa, uwanjani, tukicheza rede. Nilizinduka nina mchanga mdomoni, ulimi umechanika, sketi imelowa mkojo. Watoto wote walikuwa mbali, wamejibanza kwenye ukuta wa choo, na Martina alikuwa katikati yao. Kwetu watu waliamini lile povu linalomtoka mdomoni anayeanguka linaambukiza. Likikugusa tu, na wewe umekwisha.

Jioni ile bibi, mama yake baba, alichukua kikombe cha bati akakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio. "Hiki ni chako," akaniambia. "Vingine usiguse." Mimi nilidhani ni zawadi. Nilimringia Martina nacho mpaka tukaenda kulala, na hapo ndipo nikakuta nimetandikiwa peke yangu, chini.

Sasa sikilizeni neno lililoniponza. Mama hakutaka kutamka kifafa. Martina alikuwa anakua, na nyumba yenye kifafa hakuna anayekuja kuposa. "Ukilitaja hilo neno," mama aliniambia, "dada yako atazeekea jikoni kwangu." Basi alipokwenda shuleni kumwomba mwalimu aniangalie, alitafuta neno la adabu. Nyumbani tunaongea Kiiraqw, Kiswahili cha mama ni cha sokoni. Mwalimu wa hesabu alikuwa mgeni, alikuwa hajaniona nikianguka. Nilisimama pembeni nikawasikia.

"Mwalimu, huyu mtoto wangu anaanguka," mama alisema. "Anaanguka sana. Naomba umsaidie."

"Hata mimi nimeona anaanguka, mama. Wewe niachie. Kwangu mimi hataanguka tena."

Mama alishukuru mpaka akapiga goti. Kesho yake akanipa jogoo nimpelekee mwalimu.

Mwalimu alikuwa anaongelea mtihani. Tangu siku ile kila nikifeli jaribio ananiita mbele. "Wewe mama yako ameniomba mwenyewe," anasema, kisha ananichapa mpaka ananiona nimechoka kulia. Na mimi nikiogopa ndiyo naganda zaidi, nikiganda nafeli zaidi. Nilikuwa natapika njiani kwenda shule, uji wote unaishia kwenye majani. Jioni mama ananiuliza, "Mwalimu anakuangalia?" Namjibu, "Ananiangalia." Anafurahi. Ningemwelezaje mwalimu kwamba yeye na mama wamepishana, bila kutaja lile neno?

Watoto nao wakatunga mchezo, wakauita Paskalina. Mmoja anajitupa chini anatetemeka, wengine wanakimbia wanapiga kelele, na atakayeguswa ndiye Paskalina. Nilikuwa natazama kwa mbali. Siku moja nikawaomba niingie. Wakakubali, kwa sharti nisiwe Paskalina. Mnajua nilifanya nini? Nilikimbia kuliko wote. Nilipiga kelele kuliko wote. Nilifurahi, jamani, siku ile nilifurahi sana.

Halafu Martina akapata mchumba kutoka Dirma. Siku wazee wa upande wa pili walipokuja kuzungumza na baba, mimi niliwekwa jiko la nyuma nisonge ugali, nisionekane. Nikaangukia kwenye moto.

Mama aliingia akanikuta mkono wa kushoto uko katikati ya mafiga. Hakupiga kelele, kwa sababu wageni wangesikia. Hakunishika pia, kwa sababu ya povu. Alichukua jembe, akanasa sketi yangu ya shule, akanivuta nje kama gunia. Martina alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa khanga. Wageni walikula, wakakubaliana, wakaaga.

Mimi nilihamishiwa kwenye banda la saumu. Walinipaka mafuta ya kondoo. Chakula kiliachwa kwenye kizingiti, pamoja na kikombe changu chenye uzi. Kidonda kikaoza. Nilikuwa nasikia harufu yangu mwenyewe mpaka nashindwa kula. Nikalia wee, mpaka nikaacha. Niliona ndiyo basi, nitafia kwenye vitunguu.

Aliyenitoa ni Mama Zuhura, mama wa Kiislamu mwenye duka hapa Katesh. Alikuja kununua saumu. Alifungua mlango wa banda, akarudi nyuma. "Kuna nini kinaoza humu?" Kisha akaniona. Akavua khanga yake ya juu, akanizungushia, akaninyanyua.

"Usimguse!" bibi alipiga kelele.

"Nimeshamgusa," alisema Mama Zuhura, na akaendelea kutembea.

Hospitali daktari alifungua kile kidonda, nesi mmoja akatoka nje kwanza. "Vidole viwili vimekufa, tutavitoa," daktari alisema. Nikamuuliza kama huu mkono umeliwa na kifafa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka. Akaniangalia. "Kifafa hakili mkono, mwanangu. Huu ni moto. Kifafa kina dawa, na hakiambukizi." Mama alikuwa amefika, amekaa chini pale mlangoni. Alijifunika uso. Sijui kama alikuwa analia au anaficha uso wasimjue.

Sikurudi Tlawi. Mama Zuhura alinikalisha kwake, akanipa chai kwenye kikombe, nami nikakigeuza geuza nikitafuta uzi. Dawa mwanzoni zilinilaza kama mlevi. Nikaanguka tena, nikaanguka kidogo, mwishoni nikaacha kuanguka. Nikajifunza cherehani kwa mkono huu mnaouona. Mungu ambariki Mama Zuhura, na daktari yule, na vidole vilivyobaki.

Martina aliolewa Dirma, anaishi vizuri. Mwaka huu nilikwenda kumtembelea. Tukiwa tunakula, binti yake Neema akaganda, kijiko hewani, midomo inatafuna. Nikainua macho. Kwenye kabati kulikuwa na kikombe cha plastiki kimefungwa uzi mweusi.

"Umemwambia mwalimu wake?" nilimuuliza.

"Nimemwambia."

"Umemwambiaje?"

Martina alikusanya sahani kwanza. "Nimemwambia anasinzia."

Asubuhi nilikwenda shuleni kwao. Niliingia ofisini, nikasalimia, nikamwambia mwalimu, "Neema ana kifafa. Hasinzii. Usimchape." Nililitamka kwa sauti, na mlango ulikuwa wazi. Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Martina alikuja akanikuta njiani.

"Umeniharibia mtoto," aliniambia. "Nani atamwoa?"

Nilimwonyesha mkono. Hakuutazama. Hajanisalimia mpaka leo, na mimi sijamsamehe, nisiwadanganye.

Ninyi mliokaa na watoto hapa, mwalimu akiuliza, taja ugonjwa kwa jina lake. Mtoto akianguka, mtoe kwenye moto, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Na mshike kwa mikono yako. Dawa zisikatizwe hata akionekana amepona.

Neema yuko kwenye dawa. Baba yake humleta kliniki, wakitoka hapa wanapita kwangu. Mara ya kwanza Neema alisimama mbele ya kabati langu la vyombo, mikono nyuma.

"Shikamoo mama mdogo. Kikombe changu ni kipi?"

"Chukua chochote," nikamwambia.

Akaangalia kabati. Akaangalia meza, kikombe changu kilikuwa na chai nusu. Akakichukua hicho, akainywa chai yote.