Shimo Lililofunikwa kwa Leleshwa

Sisi wa Eburru tulikunywa mvuke. Nikisema hivyo wajukuu wananicheka, wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Mlima ule hauna mto wala chemchemi, lakini ardhi yake ina mashimo yanayotoa mvuke kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Setla wa Kizungu tuliyenunua shamba lake baada ya Uhuru alikuwa ametega mabomba juu ya mashimo mawili. Mvuke unaingia kwenye bomba refu, bomba linapigwa na baridi ya mlima, mvuke unageuka maji, maji yanadondoka ndani ya pipa. Tone. Tone. Ukitaka debe lijae, nenda ukapalilie kwanza.

Nilipofika huko nikiwa mke kijana, kilichonitisha si kiu. Ni asubuhi. Kukiwa na baridi, mvuke hupanda kila mahali kwenye mteremko, mweupe, mwembamba, na ukitazama utadhani ni moshi wa watu wanaopika chai. Boma moja huku, jingine kule. Na hakuna mtu. Mama mkwe wangu alinikuta nimesimama nje nikitazama.

"Usizoee kuangalia hizo nyumba," akaniambia.

"Kwa nini, mama?"

"Utakuja kuona moja unayoijua."

Binti yangu wa kwanza alikuwa katika ule umri wa kufukuza kuku. Siku hiyo alimfuata kuku nyuma ya shamba la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, mahali ambapo hakuna aliyejua pana shimo, kwa sababu udongo ulikuwa umefunga juu kama ukoko wa ugali. Ukoko ukavunjika. Baba yake alimtoa kwa mikono yake, na mikono hiyo ilibaki na makovu hadi uzee. Tulimpeleka hospitali Nakuru kwa gari la maziwa. Hakurudi akiwa hai. Kiatu chake kimoja, akala ndogo ambayo baba yake alimkatia kutoka kwa tairi, kilibaki mle chini.

Tulimzika karibu na nyumba. Mama mkwe akakata matawi ya leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu kilichojaa mlimani, akafunika lile shimo, akasema hakuna mtu atakayetega bomba hapo wala kunywa maji yake. Watu wote wa mteremko wakakubali. Hata jina hawakulipatia. Walisema tu "pale", na wakisema hivyo wanatazama chini.

Kazi ya kubadilisha matawi ilikuwa yangu. Mvuke uliyapika majani yakawa meupe, yakavunjika mkononi, nami nikakata mengine. Nikiinama kuyapanga nilisikia shimo likivuta pumzi na kuitoa, kama mtoto aliyelala na mafua. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nini? Nilipanga matawi yangu, nikaenda kukamua ng'ombe. Na asubuhi ya baridi, katika ule moshi wote wa nyumba zisizokuwepo, mmoja niliujua.

Nilizaa wengine. Halafu katika ile miaka ya sabini mafuta yakapanda bei, hata taa ya chemni ikawa inawashwa wakija wageni tu. Serikali ikaanza kutafuta moto mwingine. Ndipo Landrova zikapanda kwetu, tukaitwa baraza, na mkubwa mmoja aliyevaa suti akasimama juu ya kreti la pareto.

"Moto huu hauagizwi Uarabuni," akasema. "Uko chini ya miguu yenu, na hauishi. Tutapima, tutapanga, tutatoboa. Mtapata stima."

Wanawake tukapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, kwa nini nidanganye.

Kuchora ramani aliachiwa kijana mpima, mtu wa pande za magharibi, mwenye adabu. Alitembea na kipimo cha joto kilichofungwa kwenye waya na vigingi vya rangi nyekundu, macho yote kwenye kipimo. Siku moja alisimama mahali pamoja mpaka soli za buti zake zikaanza kulainika.

"Kijana, toka hapo!" wanawake wakamwita. "Umesimama jikoni kwa watu!"

"Nanusa tu, mama zangu, mmepika nini."

"Tumepika miguu yako!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Niliona jinsi anavyotembea.

Watu walimwonyesha mashimo yote, mpaka yale madogo ya kuchomea viazi. "Pale" hawakumwonyesha. Alipouliza kama yamekwisha, kila mtu alinitazama mimi, halafu akatazama viatu vyake.

Hakuwa mjinga. Akaja nyumbani, nikampa chai, akafungua ramani yake juu ya meza.

"Mama, huku vigingi vinapanda vizuri, halafu vinaruka nyuma ya pareto yenu, halafu vinaendelea. Kuna nini katikati?"

"Kuna majani," akajibu mama mkwe kutoka kwenye kona yake. "Kunywa chai, mwanangu. Serikali haijawahi kupima majani."

Nikamuuliza, "Ukishajua kilichopo, utafanya nini?"

"Nitaweka kigingi. Wakubwa wakipachagua, mashine itakuja kutoboa."

"Itatoboa mpaka wapi?"

"Chini sana, mama. Mbali."

"Na usipoonyeshwa?"

"Nitatafuta mwenyewe kesho. Nimetumwa nimalize."

Nikaziona zile buti mlangoni, soli zimepinda kama ndimi. Nikamwona kesho nyuma ya pareto, macho kwenye kipimo, na mama yake huko magharibi akisubiri barua. Lakini nikaiona na mashine pia, ikishuka mahali kiatu kilipo. Nilikaa nayo moyoni mpaka chai ikapoa. Mashine huenda isije. Kijana huyu atakuja, amesema kesho.

"Inuka," nikamwambia. "Ukanyage ninapokanyaga."

"Usithubutu!" mama mkwe akaniita. Nilikuwa nimeshatoka.

Nilitoa matawi kwa mikono yangu. Akashusha waya wake, akasoma, akashusha tena. Akasema hajapata shimo lenye nguvu kama lile mlima mzima. Halafu akanigeukia. "Kwa nini mlilifunika?"

"Mtoto wangu aliingia humu."

Akavua kofia. Mvuke ulitupita usoni, sote wawili. Akauliza kwa sauti ndogo, "Niandike?"

"Andika moto. Hilo lingine si la serikali."

Akapiga kigingi taratibu, kama mtu anayebisha hodi usiku wa msiba.

Mashine haikuja kwetu. Wakubwa walichagua upande wa Naivasha, wakatoboa huko, na stima yao ilipitia mbali na sisi. Kigingi kilibaki. Lakini jambo lilikuwa limeshasemwa: shimo lenye nguvu kuliko yote. Kiangazi kilipokuja na mapipa mawili yakashindwa kunywesha watu na ng'ombe, baba watoto alileta bomba nyuma ya pareto. Nilikwenda nikashika ncha moja ya bomba, yeye akashika nyingine kwa ile mikono yake.

Mama mkwe hakuyagusa maji yale hadi kufa kwake. Alikinga ya mvua, na mvua isiponyesha alikaa na kiu yake. Sikumlaumu, naye hakunilaumu tena.

Debe la kwanza lilipojaa nililibeba mwenyewe. Nilichota kikombe nikanywa nimesimama papo hapo, watoto wakingoja nyuma yangu na vibuyu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ladha yoyote: chumvi, moshi, mpira wa tairi. Maji ya mvuke hayana ladha. Ni matupu kabisa. Nikachota kikombe cha pili, nikanywa polepole, nikitafuta. Kisha nikawapisha watoto.