Sajenti Sylvanus na Hukumu ya Kija

Kwa mtu aliyestaafu jeshini akiwa sajenti wa ghala la vyakula, Sylvanus alizungumzia kifo kwa mamlaka makubwa. Wanamgambo aliowafunza kwenye uwanja wa mpira wa Kakese walijua kwata kidogo, na shabaha kwa kukisia tu, maana bunduki zao zilikuwa za mbao. Lakini somo la sheria za kijeshi walilijua kama sala. Alilifundisha kila Ijumaa kabla ya chakula.

"Askari akiisaliti nchi?"

"Kifo!"

"Akilala lindoni?"

"Kifo, Afande!"

Sheria aliyofundishwa Sylvanus ujanani ilikuwa ndefu kuliko hapo. Ilimzungumzia askari aliyelala mbele ya adui kwa nia ya kusaliti, kisha ikataka mahakama ya kijeshi, na mshtakiwa apewe mtetezi. Hayo aliyaacha kwa makusudi. Wa kundi lililotangulia aliwasomea yote, wakaanza kupiga miayo alipofika kwenye mtetezi. Kifo kitupu kiliwakalisha hawa wima.

Aliyekaa wima kuliko wote alikuwa Kija, Msukuma wa makamo ambaye baba yake alihamia huku akiswaga ng'ombe kutoka Shinyanga. Kija alikulia kwenye sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijijini, ambako mkosaji hutozwa ng'ombe, watu wakala nyama, na neno likaisha. Kusikia kwamba lipo kosa lisilolipika kwa ng'ombe kulimnyima raha.

Adhuhuri moja aliachwa golini alinde bunduki za mbao wakati wenzake wamekwenda mtoni kufundishwa kuvuka. Alikuwa machungani tangu alfajiri. Akaegemea mlingoti wa goli, usingizi ukambeba. Sylvanus aliporudi alimkuta anakoroma, na bunduki moja haipo.

"Kija! Sheria inasemaje?"

Kija aliruka, akapiga saluti kwa mkono wa kushoto. "Kifo, Afande."

"Basi subiri," alisema Sylvanus, akaenda kula.

Alimaanisha asubiri kupangiwa adhabu ya kufyeka nyasi. Katika utumishi wake wote hakuwahi kumwona mtu aliyehukumiwa kifo; jambo zito kuliko yote aliloshuhudia ni koplo kuvuliwa cheo kwa wizi wa sukari. Kija hakuyajua hayo. Alikwenda nyumbani kusubiri.

Siku chache baadaye Getrude, mke wa Sylvanus na mpishi wa wanamgambo, alirudi sokoni amenuna.

"Mtu wako, Kija, hali chakula," alimwambia mumewe. "Ameshawagawia watoto ng'ombe. Na mkewe, Hana, ameniuliza kama jeshi likimpiga mtu risasi, maiti hurudishwa kwa ndugu au huzikwa hukohuko."

Sylvanus aliweka kijiko chini. "Ulimjibu nini?"

"Nikuulize wewe! Si ndiye unayeua?"

"Nikiwaambia sheria nzima, nani atabaki macho lindoni?"

"Na usipowaambia, tutakwenda msibani. Utavaa ile kombati yako?"

Asubuhi iliyofuata mzee Machibya, kiongozi wa sungusungu, aliingia uani na wazee wenzake. Nyuma yao walikuja Hana na Kija, mashavu yamembonyea, akivuta mtamba mweusi.

"Mwangaluka, Afande," Machibya alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Tumekuja kwa ajili ya kichwa cha huyu," alisema Machibya. "Tumeambiwa kwenu hakilipiki. Tukasema labda hamjawahi kuonyeshwa mtamba kama huyu."

Mtamba alikuwa mzuri kweli. Sylvanus alimtazama, akawaona kwa mawazo watu wa kuzuia rushwa wakifika kabla kamba haijafungwa.

"Sitaki ng'ombe. Kija, nimekusamehe. Nenda nyumbani."

Machibya alitikisa kichwa. "Msamaha wa mdomo tu, Afande? Kesho ukiamka na hasira si umeufuta? Kwetu kesi haijaisha kama watu hawajala."

Kija akasogea mbele. "Afande, kama ni lazima, naomba iwe baada ya mavuno. Mpunga umeshainama, na Hana hawezi kuuvuna peke yake."

Hakulia, wala hakubembeleza. Sylvanus alitamani angelia, angalau angepata cha kumkemea.

"Sheria ina maneno mengine," alisema, akitazama viatu vyake. "Ni lazima awe amelala mbele ya adui."

Wazee wakatazamana.

"Na bunduki aliichukua nani?" aliuliza Machibya.

"Mimi!" Getrude aliitikia kutoka jikoni. "Ilipasuka kitako, na kuni zilikuwa mbichi. Maharage mliyokula siku ile yaliiva kwa hiyo."

Machibya alitafakari. "Basi adui alikuwepo. Ameingia kambini, ameteka silaha, ameichoma moto."

"Huyo si adui, ni mke wangu!"

"Mtu anaweza kuwa vyote viwili, Afande. Mimi nina wake watatu."

Getrude akatoka na mwiko mkononi. "Sylvanus, sema watu wasikie. Mimi ni adui?"

Sylvanus, ambaye jeshini hakuwahi kufika mstari wa mbele, alijikuta amefika.

"Hapana," alisema. "Si adui."

"Kwa hiyo mume wangu hafi?" aliuliza Hana.

"Hafi, mama. Hata angekuwepo adui, ingebidi Kija awe amekusudia kusaliti. Halafu kuna mahakama. Kuna mtetezi."

"Maneno hayo ulikuwa nayo tangu lini?" aliuliza Machibya.

"Tangu jeshini."

"Ukayaficha."

"Niliyafupisha."

Wazee walijitenga kando ya choo, wakanong'ona kwa Kisukuma, wakarudi na hukumu. Mtamba arudi zizini. Aliyemtisha mwenzake kwa nusu ya sheria mpaka akaacha kula ndiye atakayelipa mchenya, ile faini ya sungusungu.

"Lakini mimi ndiye mwalimu!"

"Ndiyo maana tumekupunguzia. Mbuzi tu."

"Naruhusiwa kukata rufaa?"

"Unaruhusiwa. Rufaa ni mbuzi wa pili."

Sylvanus alikwenda bandani, akatoka na mbuzi mdogo. Machibya alimpapasa mgongo mnyama yule, akamrudisha Sylvanus akachague tena.

Kija hakungoja nyama. Alimwomba Getrude kiporo cha ugali, akakila amesimama, huku Hana akimtazama kooni, tonge baada ya tonge, kuhakikisha linashuka.