Mpira wa Kaka Uliovuka Korongo

Wakati wa Waingereza, mimi na kaka yangu tulifyeka nyasi za uwanja wa gofu katika shamba la miti ya miwati karibu na Njombe. Jumamosi alasiri meneja alituruhusu kucheza kwa fimbo zake kuukuu. Siku moja kaka alipiga mpira ukavuka korongo, ukatua karibu na shimo. Wenzetu walimbeba juujuu kwa shangwe.

Tangu hapo niliutaka mpigo ule kila Jumamosi. Mpira ukiishia majanini, nilimcheka mbele ya watu.

"Kaka, ule mkono umeusahau nyumbani?"

"Mdogo wangu, hata meneja hupiga mpira mmoja mzuri, na mitano inayofuata huipeleka kwenye miwati. Mbona yeye humcheki?"

Sikukoma. Jumamosi moja alirudisha fimbo, hakucheza tena. Baadaye alihamia Makambako, akafa kwa homa kabla sijamwomba radhi.

Mimi husali vizuri leo, kesho nikasinzia katikati ya Baba Yetu, na Mungu hajanichoka. Namshukuru. Kaka yangu sikumvumilia hata Jumamosi moja, naye alikuwa akicheza tu.