Pale Nilipolikata Waridi

Mume wangu Amadi hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini umguse kwenye maua, utajuta mwenyewe. Alikuja Lubumbashi kutoka Kasongo, kule Maniema, kijana wa suruali moja, akaajiriwa kupalilia bustani kwa injinia mmoja Mbelgiji wa mambo ya shaba. Mke wa injinia ndiye aliyemfundisha waridi, au roza, kama tunavyosema hapa kwetu. Amadi alilea mashina kumi na mawili kando ya ukuta wa nyumba ile, na jioni akirudi mtaani kwetu Kamalondo, mikono imechanwachanwa na miiba, ananihubiria mimi na sufuria yangu ya bukari, ugali wetu.

“Adija, tawi haitoke yenyewe tu,” alikuwa akisema. “Ku shina kuko macho, yote inalala. Mwangaza ikipiga jicho, inaamuka. Ikikosa mwangaza, muti inapanda tu, inatafuta jua, inakuwa fimbo.”

“Na mbolea?” namwuliza, ili nisisinzie.

“Mbolea ya ngombe ukizidisha, ni majani tu na urefu. Majivu njo inasaidia maua. Lakini kwanza ukate ncha. Ile ya juu inakula yote, bandugu yake ba chini banalala njaa.”

Nilimcheka. Nilimwambia, wewe ungeoa roza, mimi ukaniacha kwetu.

Bahati, mtoto wetu wa kwanza, msichana, alizaliwa mwaka wa sitini na nane, mvua ikinyesha kama imetumwa. Sasa sikilizeni vizuri. Kwetu kondo la nyuma huzikwa na mwanamke, uani, na kipande cha kitovu kikitazama juu. Kikitazama chini, tumbo la mama limefungwa, hazai tena. Hilo kila mwanamke analijua, na hakuna mwanamume anayeambiwa. Lakini mama yangu alikuwa mbali, na mwenye nyumba alikuwa ameshatia saruji ua mzima, hata mchicha hauoti. Amadi akalifunga kondo kwenye karatasi ya mfuko wa simenti, akaenda nalo kazini. Jioni akaniambia, “Imeisha.” Sikuuliza wapi. Mjinga mimi!

Miaka saba ikapita bila mimba nyingine. Bahati akawa mrefu, mwembamba, miaka saba anawapita wa miaka tisa, wenzake wanamwita Twiga. Mimi nikawa nahesabu miezi na kulia chooni. Ndipo mama mkwe wangu, mama Rabia, akashuka kwenye treni na kuku wawili kikapuni na jina la msichana mdomoni. Mtoto wa binamu yake, yuko Kasongo, anangoja. Idi ikipita nami sina mimba, analetwa kuolewa. Alinieleza hayo huku anakula chakula changu. Loo, mwanamke yule!

Kisha akamgeukia mwanawe. “Kondo ya Bahati, nani aliizika?”

“Ni mimi,” akasema Amadi.

“Weye? Kitovu iliangaria juu ao chini?”

“Mi siyui, mama. Ilikuwa mvua, niliweka tu.”

Mama Rabia alishika mdomo. Hakula tena.

Nilimfuata Amadi nje, nikamkaba shati. “Wapi?” Akaniambia: chini ya shina la kumi na mbili, kwenye kona, kivulini mwa mjakaranda.

Shina lile, akasema, tangu siku ile lina fimbo moja tu. Halijatoa tawi hata moja. Alipunguza mjakaranda ili jua liingie. Alipaka ukuta chokaa ili mwangaza urudi kwenye shina. Alitia majivu, alitia samadi, alibadilisha udongo wa juu. Mashina kumi na moja yalimtii. Lile macho yake yamefumba mpaka leo.

“Basi ukate ncha! Si njo unanihubiriaka kila siku?”

“Siwezi, Adija.”

“Juu ya nini?”

Akasogea karibu, sauti ikashuka. “Iko inakomea, inaongeza urefu, pamoja na mutoto. Nilipimaka na kamba. Bahati akiongeza kidole, nayo inaongeza kidole. Ile mwaka alipata surua, majani yote ilianguka. Leo beko urefu moja, sawasawa. Nikikata ile, nakata nini?”

Niliogopa. Lakini niwaambie kweli, uoga wangu ulikuwa mdogo kuliko hasira. Nilimwona yule msichana wa Kasongo ananyonyesha kwenye mkeka wangu. Nilitaka mtoto. Nilimtaka kuliko nilivyoogopa.

Ijumaa iliyofuata, Amadi akiwa msikitini, nilikwenda kule kwenye nyumba ya injinia. Injinia alikuwa amekwisha kurudi kwao, nyumba ameichukua citoyen Mulenga, “raia” kama tulivyoitana enzi zile, naye yuko ofisini. Mlinzi, mzee Anaclet, alinijua; akadhani nimeleta chakula. Mkasi wa bustani ulikuwa unaning’inia kwenye msumari wake.

Jua la saa saba, na pale kwenye kona kulikuwa na baridi. Ile fimbo ilisimama wima, urefu wa mtoto wa miaka saba, na juu kabisa majani machache yaliyoinama upande mmoja, jinsi Bahati anavyoinamisha kichwa akisikiliza. Nikasema bismillahi. Kwa uoga nikakata kidogo tu, unene wa ukucha, kimshazari, juu ya jicho, kama nilivyosikia mara elfu. Maji yakatoka pale kwenye kidonda, yakatiririka, hayakukoma upesi.

Nilipofika nyumbani, mama Rabia alikuwa mlangoni. Bahati, akasema, ameacha chakula katikati, amekaa, mkono utosini.

“Mama,” Bahati akaniambia, “niko nasikia baridi hapa ku kichwa.”

Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

Amadi aliliona shina Jumamosi, limekatwa. Alirudi, hakunipiga, hakupaza sauti. Alimtazama Bahati akicheza, muda mrefu, kisha akaketi akalia. Baada ya wiki tatu aliniambia macho mawili yamefunguka, mekundu, moja kila upande. Mwezi ule ule aliacha kazi ya bustani, akaenda kulinda ghala la mfanyabiashara mmoja huko Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Hakushika mkasi tena maishani mwake.

Idi ilinikuta na mimba. Mama Rabia akafungasha, akarudi Kasongo na jina lake mdomoni. Nilijifungua mapacha wa kiume, Asumani na Djuma. Safari hii makondo niliyazika mwenyewe, kwenye kiwanja cha jirani, nikiwa bado natembea kwa kushikilia ukuta.

Nilifurahi. Sitaki kudanganya, nilifurahi sana. Ilichukua mwaka mzima kabla sijaona kwamba gauni la Bahati la shule halijafupika. Mwaka wa pili, vivyo hivyo. Daktari alimpima damu na mifupa, akasema yuko mzima, tusubiri. Tulisubiri. Wadogo zake wakapanda, wakamfikia mabegani, wakamfikia masikioni. Mwaka wa themanini na mbili Bahati alikuwa na miaka kumi na minne, akili ya mtu mzima, na mwili ule ule.

Siku moja aliniuliza, “Mama, mulinifanyaka nini?”

Nikamweleza yote. Nilitaka anitukane. Akavaa viatu, akasema twende.

Mzee Anaclet alitufungulia. Shina la kumi na mbili lilikuwa pana kuliko yote, limejaa maua, hakuna aliyelitia mbolea miaka saba. Bahati akatafuta kati ya majani mpaka akapata kovu, kisiki kikavu juu ya fimbo ya zamani. Akasimama mgongo kwa shina, wima, kama anayepimwa. Nikaweka kiganja utosini mwake, nikakisogeza nyuma. Kikagusa kovu. Hakukuwa na tofauti hata ya uzi.

“Asumani na Djuma, ni hizi?” akauliza, akishika yale matawi mawili, manene, yaliyotoka chini ya kovu.

Nikaitikia kwa kichwa. Alichuma jani moja lililokauka, akalitupa.

“Tuende, mama,” akasema. “Batoto beko na njaa.”